Mshubiri wa Kaburi la Mama Rebeka

Siku ile nyumbani kwetu Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tulikuwepo hawa: mimi Riziki, wadogo zangu watatu, Eliya, Sifa na Bahati, Shemasi Samweli wa kanisa letu, Mama Noela anayeongoza kikundi cha maombi, na jirani yetu Papa Zakaria, aliyefiwa na mkewe. Nawataja wote mapema ili asitokee mtu wa kusema hakuwepo. Wengine wameshaanza kusema.

Tulikuwa tumekaa kuuzunguka mkono wa Sifa. Mvua zilipoanza alimwagikiwa na sufuria ya maharage kwenye mkono wa kulia. Mimi nilikuwa shambani. Kabla sijafika, Shemasi Samweli alikuwa ameshamtibu. Shemasi alichunga ng'ombe miaka mingi kwetu milimani, Kivu ya Kusini, na hajasahau lolote la uchungaji isipokuwa kwamba watu si ng'ombe. Alitwanga majani ya mshubiri, huu ambao siku hizi kila mtu anauita alovera, akayatwanga na ganda, na miiba, na maji yake ya manjano yanayowasha, akampaka mtoto mbichi hivyo hivyo. Anasema ng'ombe mwenye kidonda cha kupe hupona kwa dawa hiyo na halalamiki. Sifa alilalamika. Majirani wa ng'ambo ya barabara walikuja kuuliza nani amekufa.

Kituo cha afya walimwosha, wakamfunga, kidonda kikafunga. Lakini vidole vitatu vilijikunja kuelekea kiganjani vikabaki hivyo. Hakuweza kushika kalamu wala kikombe. Watu walimpongeza kwa kupona. Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza ya msingi ili hawa wadogo zangu wale, wavae na wasome, maana baba na mama walibaki Kivu na hata walipozikwa hatupajui. Sikuacha shule yangu ili Sifa naye aache yake kwa sababu ya sufuria ya maharage na shemasi mmoja.

Ndipo Shemasi akatoa mfukoni karatasi ya matangazo. Jumamosi, huko Kakiika mjini Mbarara, Dokta Ferdinandi, mtaalamu wa alovera, atafundisha historia na siri za mmea huu unaoponya makovu, chunusi, kuungua, ukurutu na uzee. Atakayeleta gunia la majani atapewa kopo la dawa bure. Shemasi aliisoma kwa sauti ya mimbarani. Mama Noela akafumba macho na kusema ni jibu la maombi. Nilimuuliza kama Mungu naye siku hizi anachapisha karatasi za rangi. Hakupendezwa.

Lakini sikuwa na njia nyingine mkononi, nikakubali kwenda. Swali likawa gunia la majani litoke wapi. Mishubiri ya mitaani ilikuwa imeisha. Kila kuku wa Kashojwa akisinzia, watu hukata jani na kulitia katika maji yake ya kunywa. Iliyobaki minene ilikuwa makaburini.

Hapa wasomaji wa mbali waelewe. Kwetu Nakivale kaburi ni tuta la udongo na msalaba wa mti. Mchwa hula msalaba, mvua hulaza tuta, na baada ya misimu michache hujui tena unamlilia nani. Kwa hiyo watu wetu hupanda mshubiri upande wa kichwa. Mchwa hauutaki, mbuzi akiuonja harudii, jua haliuui. Mshubiri mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya Mama Rebeka, mke wa Papa Zakaria. Ndiye aliyetupokea sisi wanne tulipofika, akatulaza katika nyumba yake mpaka tulipopata yetu. Mshubiri ule aliutoa kwao Kivu mwenyewe, ukiwa mtoto, akaubeba umefungwa katika kitambaa pamoja na sufuria. Alisema atauhitaji. Aliuhitaji kweli.

Papa Zakaria aliutazama mkono wa Sifa. Kisha akasema, "Mukate ya chini-chini tu. Roho yake muiache."

Alimaanisha ule moyo wa katikati, majani machanga yanapotokea. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alisikia. Tuliondoka, na Shemasi Samweli akatangulia na panga.

Niliporudi kutoka kutafuta gunia, kazi ilikuwa imeisha. Alikuwa ameukata mshubiri chini kabisa, kwa pigo moja, pamoja na watoto wake wote waliouzunguka, kama mtu anayefyeka mtama wa ng'ombe. Nilimuuliza roho iko wapi. Akanionyesha ndani ya gunia. "Gunia lilikuwa linabaki na nafasi," akasema. Akachukua jani moja, akalichomeka kwenye udongo mahali pa kisiki, akanihakikishia litaota. Jani la mshubiri halioti. Mwenye roho na mizizi yake pamoja ndiye anayeota, na wa hivyo panga halikubakiza hata mmoja.

Jumamosi alfajiri niliondoka Kashojwa juu ya pikapu iliyobeba nyanya. Sifa alinisindikiza hadi barabarani, mkono wake ndani ya kanga. "Yaya," akaniita, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao, "kama dawa ni chungu, uniambie kwanza." Nikamwahidi.

Ziwa Nakivale lilibaki nyuma yetu na ukungu wake. Barabara ni ya udongo mwekundu, na ukifika mjini unafanana nayo. Njiani tulipita mashamba ya ndizi ya watu wa Isingiro, marefu na safi, na ng'ombe wa pembe ndefu waliotutazama kama tulikuwa tumechelewa mahali fulani. Mwanamume mmoja aliyekaa juu ya kreti ya nyanya alipojua nimebeba nini, alinieleza kwamba alovera inaponya kisukari, malaria na ndoa mbaya. Nilimuuliza yake inaendeleaje, ndoa. Akageuka kuangalia ndizi.

Maji ya manjano yalivuja kutoka gunia yakalowesha sketi yangu, na mapaja yakaanza kuwasha. Nilikumbuka kilio cha Sifa. Kwangu yalikuwa yamepita kwanza kwenye kitambaa, na ngozi yangu ilikuwa nzima.

Kabla ya saa sita tulifika Mbarara. Nilitembea na gunia kichwani kupita maduka, na kila duka la vipodozi lilikuwa na picha ya jani la mshubiri: kwenye sabuni, kwenye mafuta ya nywele, hata kwenye karatasi ya chooni. Mmea ambao kwetu hata mbuzi anaukataa, mjini umefanywa malkia. Nikaona jinsi Shemasi angejivuna, nikafurahi hakuja.

Huko Kakiika nilifikia kwa Mama Esperance, mwanamke wa kwetu aliyepanga chumba huko na kuuza vitenge. Alinipa maji ya kuoga na sahani ya sombe, majani yetu ya muhogo, kisha akafungua gunia kutazama. Nikamweleza yalikotoka. Alifunga gunia haraka kuliko alivyolifungua.

"Riziki, hapa si Kashojwa," akasema. "Banyankole ba hapa banaogopa bintu ya kaburi. Ukisema umetoa wapi, batakufukuza na fagio. Unyamaze."

Nikasema nitanyamaza. Nilikusudia hivyo.

Alasiri ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa akina mama wa mjini na magunia yao, na pembeni yangu alikaa muuguzi kijana, Nasi Kyomugisha, maana huku nesi huitwa nasi, aliyekuja kwa sababu mama yake hununua kila kopo la alovera analoliona, na yeye alitaka kujua mama anakula nini. Wasaidizi walichukua magunia yetu wakayapeleka jikoni.

Dokta Ferdinandi alivaa koti jeupe na viatu vyenye ncha. Udaktari wake sikuujua ulikuwa wa nini, na alipoulizwa na Nasi alisema ni wa maisha. Lakini kuzungumza alijua. Alituambia kwamba Wamisri wa kale walijipaka mmea huu na kuwazika wafalme wao nao. Kwamba matabibu wa Wagiriki waliandika namna ya kutibu vidonda kwa majani yake. Kwamba kuna kisiwa karibu na Pembe ya Afrika, Sokotra, ambacho wafanyabiashara wa Kiarabu walikifuata karne nyingi kwa ajili ya utomvu wake mchungu, wakaupeleka mpaka India. Nasi alininong'oneza kwamba hayo mengi ni kweli, na nikaona uchungu kwamba mtu anaweza kuwa na ukweli mwingi hivyo na usimfae kitu. Kisha Dokta akatuambia malkia mmoja wa Misri hakuzeeka kwa sababu ya alovera. Nikamwambia Nasi, huyo basi yuko wapi leo tumsalimie. Kisha akasema hata Bwana Yesu alizikwa na mmea huu. Hapo nilichoka. Yale yalikuwa manukato, mti wa uudi, na mtoto yeyote wa shule yetu ya Jumapili anajua. Lakini ukumbi mzima ukasema amina, na nikajua kwamba Mama Noela anao ndugu wengi duniani kuliko nilivyofikiri.

Wakati wa mapumziko waligawa juisi ya kijani katika vikombe vya plastiki. Ilikuwa chungu kiasi cha kukunja uso mpaka masikio. Dokta alisema uchungu ndio uponyaji. Nasi alinusa yake, akaiweka chini. "Hawa wamesaga na maganda," akasema. "Hiyo maji ya manjano iko ndani. Usiku watajua."

Mimi nilikuwa nimeshakunywa. Nilikuwa na kiu ya njiani.

Baada ya juisi tukaitwa mmoja mmoja kupewa makopo. Zamu yangu ilipofika nilimweleza Dokta habari za mkono wa Sifa, vidole vinavyojikunja, na kwamba mtoto hashiki kalamu. Hakuinua macho. Apake asubuhi na jioni, akasema, na anywe juisi, na awe na imani. Nikageuza kopo. Kusoma ndicho kitu pekee shule ilichonipa kabla sijaiacha, na ninakitumia. Kwanza kulikuwa na maji, kisha mafuta, kisha nta, kisha majina marefu, kisha harufu ya waridi, kisha rangi ya kijani. Alovera ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya rangi.

Nikamwambia sihitaji kopo, ninahitaji majani yangu.

"Nyabo, majani yako tulisaga," akasema, akicheka na wale wa nyuma yangu. "Juisi ilitoka wapi? Umekunywa wewe pia. Sasa unataka tukurudishie aje?"

Watu wakacheka. Akilini nilimwona Papa Zakaria akiutazama mkono wa Sifa na kukubali. Nilimwona Shemasi na panga. Na huyu wa viatu vyenye ncha alikuwa anacheka.

"Basi mjue mlichokunywa," nikasema. "Majani yale yalikuwa kichwani kwa kaburi la mama wa watu. Mmemnywa Mama Rebeka."

Sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza vile, hata kanisani kwetu wakati wa kutoa sadaka. Mama mmoja aliweka kikombe chini taratibu, kama kina yai. Mwingine akauliza kwa Kinyankole, akajibiwa, akatoka nje anakimbia. Kisha wote wakatoka, na uani kukasikika kutema mate kwa kila namna. Wale waliokuwa wanasema amina sasa walikuwa wanasema kitu kingine. Dokta Ferdinandi alinisukumia kopo mikononi, bure kabisa kama tangazo lilivyoahidi, akaniomba niende.

Nje, Nasi Kyomugisha alinifuata akiwa anacheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka, akauliza maswali ya kazi yake: kidonda kilifunga lini, vidole vinanyooka ukivishika, mtoto anahisi ukivigusa. Nilijibu yote, nikamsimulia na habari za Papa Zakaria na panga la Shemasi. Alisema ute mweupe wa ndani ya jani, ukiacha maji ya manjano yatoke kwanza, ni mzuri kwa kuungua kidogo na kwa ngozi kavu, unapoza na kulainisha, na mama zake wameutumia tangu zamani. Kwa Sifa kazi ilikuwa nyingine.

"Hapo ngozi imeshikana," akasema. "Majani hapana fungua. Kopo hapana fungua. Leta mtoto hospitali, tunanyoosha kidogo kidogo, na nyumbani wewe unanyoosha kila siku. Atalia. Wewe usilie, usiache."

Hilo nililiweza. Kutoacha ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha shule. Alinipeleka kwao, akang'oa mtoto wa mshubiri kutoka kwenye ndoo kuukuu karibu na mlango, akaufunga mizizi kwa gazeti. "Peleka kwa huyo mzee," akasema. "Mwambie pole."

Usiku nilijua, kama Nasi alivyosema. Asubuhi ua wa Mama Esperance ulikuwa na foleni ya chooni, kwa sababu wapangaji wenzake watatu walikuwa wamehudhuria mafunzo. Tulisimama pamoja katika foleni ile, mimi na wanafunzi wa Dokta Ferdinandi. Hakuna aliyetaka kuzungumzia Misri. Mama Esperance alipita na ndoo ya maji akaniuliza kama ndiko kunyamaza nilikomwahidi. Nikamwambia aniache kwanza nipite.

Jumapili jioni nilishuka Kashojwa. Kikundi cha maombi kilikuwa kinanisubiri barabarani na nyimbo. Mama Noela alilipokea kopo kwa mikono miwili. Nilieleza yote: yaliyoandikwa juu ya kopo, juisi, Nasi, hospitali. Walisikiliza mpaka neno kopo, hawakusikiliza zaidi. Leo kopo liko kwa Mama Noela, na anapaka magoti yake, na anasema yanapungua uzee. Shemasi Samweli alipaka kovu la zamani na kutoa ushuhuda. Nikauliza kovu limekwenda wapi. Alisema halijakwenda popote, lakini linanukia vizuri.

Sifa hakuuliza kopo. Aliuliza, "Ni chungu, Yaya?" Nikamwambia ndiyo, itauma, na itauma siku nyingi, na mimi ndiye nitakayekuwa ninaumiza. Alifikiri. Kisha akanipa mkono. Tulianza jioni ile ile, kwa mafuta ya kupikia, kidole kimoja baada ya kingine. Alilia. Mimi sikulia mpaka alipolala.

Asubuhi nilikwenda makaburini na ule mshubiri wa Mbarara. Mvua ilikuwa imenyesha nilipokuwa safarini. Kisiki cha Mama Rebeka kilikuwa kimeanza kuoza na kulainika, na lile jani la Shemasi limelala chini jeusi kama ulimi. Mbuzi walikuwa wameshapita juu ya tuta. Papa Zakaria alikuwa amesimama pale, na kwa mara ya kwanza nilimwona akihesabu matuta kwa kidole ili awe na uhakika lipi ni la mkewe.

Sikuanza kumweleza nani alikata. Alijua. Nilichimba, nikapanda, nikamwagilia. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Ni muzuri," akasema. "Aksanti. Lakini hii ni ya Mbarara. Haiko ya Rebeka."

Nikasema najua, Papa. Akaniambia basi jambo ambalo sikulijua: Rebeka kabla hajafa alitoa mtoto mmoja wa mshubiri wake kwa Mama Tabita, mwanamke wa kwetu aliyehama Nakivale kufuata biashara ya maziwa, na Mama Tabita yuko Bwizibwera, mbele ya Mbarara, mpaka leo. Aliposema hivyo hakuniomba kitu. Alikuwa ananieleza tu mahali pa kuutafuta.

"Nitaenda, Papa," nikasema.

"Mutoto kwanza," akajibu. "Mukono yake kwanza. Rebeka anaweza kungoja."

Nilichojifunza katika safari hii si kingi. Nilijua tangu zamani kwamba mtu akivaa koti jeupe watu humwamini. Sasa najua pia kwamba mmea mmoja unaweza kutibu ngozi, kuharisha wapumbavu na kulinda wafu, kutegemea umeukata wapi na nani ameshika panga. Na najua kwamba mkono uliojikunja haufunguki kwa gunia wala kwa kopo, bali kwa kukaa chini kila jioni na kuuvuta, hata mwenye mkono akikuita mbaya.

Sifa ameniita mbaya mara nyingi. Kidole cha kati kinanyooka sasa, na viwili vinafuata polepole. Juzi alishika kikombe. Alimwaga nusu, akacheka. Kila juma tunakwenda kwa Nasi, na safari hizo zinakula siku zangu zote zisizo za shamba, ndiyo maana Bwizibwera sijaenda.

Ule wa Mbarara umeshika makaburini, umenenepa, hauna aibu. Papa Zakaria haung'oi. Kila jioni anaumwagilia kwa heshima, kama mtu anavyomhudumia mgeni, na pembeni yake ameacha mahali palipochimbwa, tupu, pa mwenyeji nitakayemleta.